Chupa Niliyomkabidhi Mama Yake Nyamizi

Vijana wangu, jina la mgonjwa haliandikwi kwenye kifuniko cha chupa. Linaandikwa ubavuni. Kifuniko ni kama mlevi, asubuhi yuko kwa huyu, jioni kalala kwa yule. Nawaambia hilo kabla hata ya salamu kwa sababu mwaka wangu wa pili kazini nilipanga chupa mbili mezani. Moja ilikuwa na kidole gumba cha mguu cha mzee mvuvi wa sangara, nyingine ilikuwa na alama nyeusi iliyotolewa mgongoni kwa mwalimu wa kike. Nikaandika majina kwenye vifuniko, na mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa madaktari wote niliofanya nao kazi, nikafuta meza, nikafunga. Kesho yake maabara wakapiga simu wodini: "Huyu mwalimu mgongo wake una ukucha?"

Mkuu wetu wa wodi alikuwa Sista Perpetua. Mfupi, mnene kiasi, anaongea polepole kama mtu anayehesabu nyuzi za mshono. Hakunifokea. Aliniambia tu, "Malale, mikono yako mizuri, ila inakiacha kichwa nyuma." Nilikasirika wiki nzima. Leo nina miaka hamsini na sita, nimestaafu kwa hiari mwaka jana, na jibu la kumrudishia sijalipata.

Basi, shikamoo zenu nimezipokea. Mimi naitwa Malale. Hapa Igogo wananiita Dokta na siwakatazi, maana jipu likiwashika usiku hawaendi kwa mwenye digrii, wanagonga kwangu. Elimu yangu ni darasa la saba. Hospitali niliingia na ufagio. Nilifagia chumba cha vidonda miaka miwili huku natazama, nikajua kufunga bandeji ya kichwa kabla wao hawajajua kwamba najua. Siku moja nesi wa zamu kaugua, foleni imefika mlangoni, nikanawa mikono mpaka kwenye kiwiko nikafunga vichwa vinne. Havikulegea hata kimoja. Ndipo wakanipeleka kusomea uuguzi, ule wa ngazi ya chini kabisa uliokuwa ukipokea watu wa darasa la saba. Nikarudi, nikakaa chumba cha vidonda na wodi ya upasuaji mpaka nilipotoka. Watoto wangu watatu wamesoma mpaka chuo kikuu, na mmoja wao akijikata na kisu jikoni anampigia simu baba yake wa darasa la saba.

Mmoja wenu ameniomba niandike kuhusu wagonjwa wa saratani ya ngozi waliofanyiwa upasuaji, kwa kuwa ndio niliokaa nao zaidi. Nitaandika ninayoyajua, na ninayajua mengi. Lakini kuna moja ambalo silijui mpaka leo, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote ninayoyajua. Nitalifikia.

Kwanza muelewe kazi yenyewe. Daktari anakata saa moja, saa moja na nusu, anavua glavu anakwenda. Wewe nesi unabaki na yule mtu siku kumi na nne. Wengi wanadhani saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Waambieni waje wodini. Nimemhudumia mzee aliyeungua moto mguuni akiwa mtoto, kovu likawa linafunguka na kujifunga miaka yote, akalizoea kama jirani, mwisho likageuka saratani. Lakini wagonjwa wangu wengi walikuwa ndugu zetu wenye ualbino. Jua la huku halina huruma nao. Linawapiga kutoka juu, na anayeishi karibu na ziwa linampiga tena kutoka chini, likitokea kwenye maji. Kidonda kinaanza kama upele mdogo kwenye panja, mdomoni, shingoni nyuma. Anapaka mafuta, anapaka majivu, anakuja kwako kimekuwa kama ua la boga.

Sasa, daktari akishakata eneo kubwa halifungiki kwa uzi, kwa hiyo anachukua ngozi nyembamba pajani na kuiweka pale kama kiraka. Sikilizeni hapa. Mgonjwa atakulalamikia paja, hatalalamikia uso. Msimcheke. Pale pajani pamechunwa kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe, lakini ukubwa wa kiganja. Mpe dawa ya maumivu kabla hajaomba. Na kile kiraka cha usoni kimefungwa kwa pamba na nyuzi juu yake, kimekandamizwa, hakifunguliwi mpaka siku ya tano. Utasikia hamu ya kuchungulia. Kila nesi anayejiona fundi anasikia hiyo hamu. Niliwahi kuchungulia siku ya tatu kwa mzee mmoja wa Nyegezi, nikaona kweli ngozi imeshika, nikafurahi, nikafunga tena. Na kule kufunga tena ndiko kulikoing'oa. Daktari alidhani ni mzee aliyelalia upande ule. Sikumwambia. Namwambia leo.

Ikifika siku ya tano, gozi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, imekauka imeng'ang'ania. Usivute. Mwagia maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, mfunike, nenda kanywe chai. Ukirudi itatoka yenyewe kama ganda la yai lililoiva vizuri. Ninyi siku hizi mna vile vitambaa laini vinavyotoka bila kung'ang'ania, na mnapiga picha kidonda kwa simu mnamtumia daktari akiwa kwenye kikao. Vizuri sana. Mimi nilikuwa natumia pua. Nikiwa bado mlangoni mwa wodi nilikuwa nasema, kitanda cha nne kuna usaha, na kweli upo. Picha hainuki, vijana.

Na kioo. Msimpe kioo siku ya kwanza hata akilia. Mwambie, leo umevimba, hiyo siyo sura yako. Mpe siku ya saba, ukae naye.

Basi ndiyo nimfikie Nyamizi.

Alikuja na mama yake wakitokea upande wa Kisesa, ndani ndani huko. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye ualbino, fundi cherehani, miwani minene, mdomo mwepesi. Kidonda kilikuwa kwenye panja la kulia, vidole viwili kutoka kwenye sikio. Mama yake alikuwa mrefu, mkavu, hakai kitini. Alisimama kati ya kitanda na mlango siku zote mbili kabla ya upasuaji, kama askari. Nilimsalimia asubuhi kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nikimwita mama, nikidhani atalegea. Akaitikia bila kuondoa macho kwenye mikono yangu.

Nyamizi ndiye aliyekuwa akinichokoza. "Wewe ndiye utanifunga kichwa?"

"Ndiye mimi. Wodi nzima hakuna anayenifikia."

"Nimeona bandeji ya yule baba pale. Umeipindisha."

"Imepindishwa kwa makusudi, isiteleze."

"Mimi fundi nguo," akasema. "Pindo lililopinda kila fundi anasema ni la makusudi."

Wagonjwa wote wakacheka, na mimi nikaenda kuifunga upya bandeji ya yule baba, kimya kimya.

Siku ya Jumanne akafanyiwa upasuaji. Mimi nilikuwa ndani ya chumba kama nesi wa kupokea na kutoa vitu. Daktari wetu wa upasuaji, mama mmoja kijana lakini mikono ya uzoefu mwingi, alipomaliza kukata aliweka nyuzi mbili kwenye kile kipande cha nyama, mmoja mrefu upande wa sikio, mmoja mfupi upande wa juu, ili maabara wajue upande upi ni upi. Akakitia kwenye chupa yenye fomalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze. Nikaandika jina ubavuni. Akasema, "Nimetoa yote, naona." Mimi nikasikia "nimetoa yote." Lile "naona" nililisikia wiki mbili baadaye.

Kazi ya kupeleka chupa maabara ilikuwa yangu. Natoka mlangoni, mama yake Nyamizi huyu hapa ukumbini, kanizibia njia.

"Hiyo ni nini?"

"Kipimo, mayu. Naipeleka maabara."

"Ni nyama ya mwanangu."

"Ndiyo."

"Nipe."

Mnajua huku kwetu watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa ushirikina wa watu wasio na haya. Mnajua kuna familia zinazika ndani ya nyumba na kumwaga zege juu, ili kaburi lisifukuliwe. Yule mama hakunisimulia lolote katika hayo. Alisema tu, "Nywele zake nachoma mwenyewe tangu azaliwe. Kucha zake nachoma mwenyewe. Wewe unataka niache nyama iende kwenye chumba nisichokijua, kwa watu nisiowajua. Ungeacha ya kwako?"

Nikamwambia maabara ni salama. Akaniuliza, "Umelala huko ukalinda?"

Sasa muelewe kichwa changu kilivyokwenda. Wodini kwetu mtu akikatwa mguu, ndugu wakiomba, tulikuwa tunawapa mguu wao wanakwenda kuzika. Nimeshafunga miguu mingi kwa shuka nikawakabidhi watu, wakanishukuru, na hakuna mkuu aliyewahi kuniuliza. Nikajiambia, huyu naye ni hivyo hivyo, tena ni kipande kidogo kuliko kiganja. Daktari kasema katoa yote. Maabara watafanya nini zaidi ya kuandika karatasi? Na jingine nilijiambia, na hili ndilo la kweli: nilijiona mkubwa. Nilijiona mimi Malale ndiye ninayewaelewa watu wa huku, siyo hao waliosoma. Nilikuwa nimeshaona wagonjwa wenye ualbino wakitoroshwa wodini na ndugu zao usiku wa pili kwa hofu, kiraka bado kibichi, wakafia nyumbani. Nikasema, nikimnyima huyu mama, atambeba binti yake.

Nikampa chupa.

Nikamwambia, tena kwa sauti ya kitaalamu, "Usifungue kifuniko, ile dawa inachoma macho." Akaifunga ndani ya kanga, akaiweka kifuani, akaondoka na gari la mchana huo huo. Sista Perpetua aliponiuliza kama chupa imefika, nikasema imefika.

Siku ya tano nikafungua kiraka. Nilitumia maji ya chumvi, nikanywa chai, nikarudi. Kilikuwa na rangi ya nyanya inayoanza kuiva, kimeshika kila pembe. Nikamwita Sista Perpetua aje aone, nikawaita na wanafunzi. Nyamizi akasema, "Ungenipa hicho kioo na mimi nione mnachoshangilia." Nilijisikia kama nimeshona ile ngozi mwenyewe.

Mwishoni mwa wiki ya pili daktari akaja raundi, akauliza majibu ya maabara yako wapi. Wakapigiwa simu. Maabara wakasema hawajapokea kitu. Daktari akasema, siyo kwa hasira, kwa uchovu: "Upande wa juu nina uhakika. Upande wa sikio sina. Ndiyo maana niliweka uzi mrefu kule. Wakiniambia ukingo ni safi, namwacha aende nyumbani. Wakiniambia haujasafika, inabidi niongeze kukata kabla ugonjwa haujashuka ndani. Bila ile nyama nitakata kwa kubahatisha. Nikibahatisha kidogo, itarudi. Nikibahatisha sana, nachukua sikio zima la mtu bila sababu."

Mimi nilidhani ile nyama ni takataka ya upasuaji, kitu kilichokwisha. Kumbe ndiyo ramani.

Nilimfuata Sista Perpetua kwenye chumba cha chai nikamweleza yote. Aliweka kikombe chake mezani. Halafu akasema, "Miguu tunawapa kwa sababu tumeshajua ugonjwa wake. Hii ulimpa kabla hatujajua. Umeona tofauti?"

"Nimeiona sasa."

"Kailete. Usirudi na maneno."

Nikapanda pikipiki kutoka Kisesa kwenda kwao. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba. Mimi nikiongea na watu wa kijijini kwa Kisukuma chetu wananielewa, hilo halijawahi kunishinda. Nilimkuta mama anaanika mpunga. Akanipa kiti, akanipa maji, akanisikiliza hotuba yote mpaka mwisho bila kunikata. Halafu akaniingiza ndani, chumba anacholala yeye, akanionyesha sakafu. Pembeni mwa kitanda palikuwa na kiraka kipya cha saruji, mraba, kimelainishwa vizuri kwa mwiko. Mwanawe mkubwa ni fundi ujenzi.

"Iko pale," akasema. "Na chupa yake."

"Ulifungua kifuniko?"

"Uliniambia nisifungue."

Nikapumua. "Mayu, naomba tuvunje hapo."

"Ulinipa kwa mkono wako wa kulia," akasema, "sasa unaiomba kwa mkono huo huo. Nitajuaje kesho hatakuja mwingine na mkono mwingine? Mlisema mmetoa yote. Sasa mnasema hamjui. Nyinyi mnajua nini?"

Niliondoka mikono mitupu. Hotuba yangu sijui iliangukia wapi. Nilichokuwa nakijua asubuhi, kwamba yeye kakosea na mimi nakwenda kumwelewesha, jioni sikuwa nacho tena. Alichosema kilikuwa na maana. Alichosema daktari nacho kilikuwa na maana. Mimi nilikuwa katikati, na ndiye niliyewapeleka wote pale.

Nilipita wodini na vumbi langu. Nyamizi alikuwa kakaa kitandani anashona kifungo cha gauni la mgonjwa jirani, sindano karibu kabisa na miwani.

"Dokta, umetoka kulima?"

Nikataka kudanganya. Nilikuwa nimeshachoka kudanganya. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo Sista Perpetua alikuwa analikataza kabisa, nikamwambia nimetoka kwao, na kwa nini.

Aliacha kushona. Akauliza, "Yaani nyama iliyotoka hapa?" Akaonyesha panja.

"Ndiyo."

"Wewe ukampa mama. Mama akaenda akaizika. Umekwenda kuiomba, kakukatalia."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Sikuelewa swali.

"Nauliza, mimi nilikuwa wapi? Nilikufa? Siku kumi na mbili nipo hapa kwenye kitanda hiki, naongea, nakula, nawashonea vifungo. Hakuna aliyekuja kuniuliza, Nyamizi, nyama yako tuifanye nini."

Vijana, nimefunga vichwa zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Sijawahi kufungwa mdomo vile. Mama yake alikuwa anamlinda. Mimi nilikuwa namsaidia. Daktari alikuwa anamtibu. Wote tulizungumza kuhusu kile kipande ukumbini, chumba cha chai, chumbani kwa mama, na mwenye nacho alikuwa kitanda cha sita.

Akaniomba simu, akapiga, akaweka sauti kubwa ili nisikie.

"Mama. Vunja hiyo saruji."

"Nani kakwambia? Yule mpiga hotuba?"

"Kaniambia, ndiyo. Mama, wasipoipima watanikata sikio zima. Miwani itakaa wapi? Nitatunga uzi kwa macho gani?"

Tunasikia kuku upande wa pili.

"Wakiiba?"

"Njoo nayo mwenyewe. Uende nayo mpaka huko wanakoipima, ukae mpaka uridhike. Usipoiona inafungiwa, rudi nayo. Hiyo ni ya kwangu, mama, siyo ya kwako wala ya Dokta. Nimesema."

Akakata simu, akairudisha, akaokota sindano yake. Akashindwa kutunga uzi mara tatu. Nikamtungia mimi. Hakunishukuru.

Asubuhi yake mama alifika na kikapu, juu kafunika na majani ya mlenda kama mtu anayekwenda sokoni. Chini yake chupa, ina unga wa saruji shingoni, jina bado linasomeka ubavuni. Tulikwenda maabara sisi wawili, chupa akiibeba yeye. Mtaalamu wa maabara, kijana mtulivu, nilimweleza nje kwanza. Akamkaribisha ndani, jambo ambalo kwa kawaida hawalifanyi, akampa kiti. Akamweleza kwamba kipande kitakatwa vipande vyembamba, vitawekwa kwenye nta ili viangaliwe kwa darubini, na vile vya nta vinabaki kabatini miaka mingi.

"Kwenye nta, kama mshumaa?"

"Kama mshumaa, mama."

"Ufunguo wa kabati anashika nani?"

"Mimi na mkuu wangu."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Kijana akajitaja, baba yake, babu yake, na kijiji walikotoka. Akaulizwa pia ukoo wa mama yake. Akajibu vyote. Nilitaka kuwaharakisha, nikajizuia. Ilichukua muda mrefu kuliko kupima presha ya wodi nzima, na mwisho yule mama akaiweka chupa mezani mwenyewe.

Tangu siku ile, mgonjwa mwenye ualbino akija wodini kwangu, nilikuwa namuuliza yeye mwenyewe, kabla hajaingia chumba cha upasuaji na kabla sijaongea na ndugu: kitakachotolewa kinakwenda maabara, kwa sababu hizi, unataka nani aende nacho pamoja na mimi? Wengine walisema mama. Mmoja alisema mchungaji wake. Mmoja alisema, "Nenda wewe tu, una sura ya mwoga." Hilo halimo kwenye kitabu chochote mlichosoma. Liandikeni.

Majibu yalikuja. Upande wa juu safi. Upande wa uzi mrefu haujasafika. Kwa hiyo ilibidi kurudi chumba cha upasuaji, na safari hii ikaondoka sehemu ya juu ya sikio, karibu nusu. Nyamizi mwenyewe alitia dole gumba kwenye fomu baada ya kuisoma yote, mstari kwa mstari, na kusema kwamba anajua kuandika jina lakini anataka wino wetu uishe. Chupa ya pili ilikwenda na mama yake. Majibu yake yalikuwa safi pande zote. Miwani aliishonea mkanda wa lastiki nyuma ya kichwa, kwa sindano yake, kitandani pale pale, akaniambia umepinda kwa makusudi.

Hapo ningeweza kuishia, na mngesema Malale ni mtu hodari, alikosea akarekebisha. Nimewahi kuisimulia hivyo, tena mara nyingi, kwenye harusi hata. Lakini sijawaambia lile nisilolijua.

Siku ya kuruhusiwa, Nyamizi anakunja kanga zake, mimi namweleza kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua yanapakwa hata siku ya mawingu, na kila upele usiopona wiki tatu aje auonyeshe. Mama yake alikuwa kasimama mahali pake, kati ya kitanda na mlango. Akaniita.

"Dokta. Ile chupa ya kwanza ingefika siku ile ile, mwanangu angekuwa na sikio zima?"

Swali hilo nilikuwa nimeshamuuliza daktari kwa siri. Alifikiri akasema, pengine angekata vile vile, pengine angekata kidogo kuliko hapo, wiki zile zilizopotea hakuna awezaye kuzipima. Nikamuuliza, na kama ningemnyima mama, akamtorosha binti? Akasema, basi leo tusingekuwa tunaongelea sikio. Nilitoka kwake nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nilikosea, hilo nalijua. Lakini nikijaribu kurudi nyuma na kuliondoa kosa, naona mlango wa wodi uko wazi usiku na kitanda cha sita kitupu. Nikiliacha kosa mahali pake, naona nusu sikio. Nimelipindua hivi na vile miaka yote hii. Sipati pembe ya kulishika.

Mimi nina jibu la kila kitu, majirani zangu wanajua.

"Sijui, mayu," nikamwambia. "Daktari naye hajui. Ninachojua, wewe uliomba tu. Chupa ilikuwa mkononi mwangu, mimi ndiye niliyetoa."

Akasogea mpaka mbele yangu.

"Usingetoa," akasema, "ningekunyang'anya."

"Ungeninyang'anya?"

"Siku ile? Ningekung'ata."

Nyamizi akaanza kucheka. Alicheka mpaka kanga zikamwanguka, mkono mmoja kaukandamiza kwenye bandeji, na mama yake naye mabega yakaanza kutikisika, na akakaa kwenye kiti pale wodini kwa mara ya kwanza tangu waje. Nikamwambia Nyamizi asicheke, mshono bado mbichi. Hakunisikia, na mimi sikurudia.